Tupeane uzoefu: Likizo ya kisiwa cha ng'ambo kwa bajeti ndogo, fedha zako ziliishia wapi?

Mwanzisha mada

Ndugu zangu, kila ninaposoma ushauri kuhusu likizo ya visiwa vya kitropiki naona mambo mawili tu, nauli ya ndege na bei ya chumba, ilhali wanaorudi kutoka huko husimulia gharama nyingine kabisa ambazo hazikuwamo kwenye mpango wao. Ninaomba anayechangia aandike yaliyompata mwenyewe: alipangaje, alianza kuweka akiba lini, na ni kitu gani kilimla fedha bila yeye kukitarajia. Nitatangulia mimi, nisije nikaomba nisichokitoa.

Safari ya kwanza, mimi na mke wangu, ilikuwa ya Maldivi. Nilifuatilia nauli kwa miezi mitatu hadi nikapata tiketi iliyokuwa nafuu kuliko zote nilizowahi kuona, wala sikujiuliza kwa nini ilikuwa nafuu. Sababu niliijua tulipotua saa tatu usiku, kwa kuwa hoteli tuliyoilipia ilikuwa kwenye kisiwa kinachofikiwa kwa ndege ya majini, na ndege hizo huruka mchana tu. Tulilala karibu na uwanja wa ndege kwa fedha ambazo hatukuzipanga, usiku wa kwanza wa chumba chetu ukapotea ukiwa umekwisha kulipiwa, na nauli ya ndege hiyo ndogo, kwenda na kurudi kwa watu wawili, ilikaribia nauli ya mmoja wetu kwa safari nzima ya kimataifa. Kisiwa kimezungukwa na maji, na maji hayo yana nauli yake. Tangu siku hiyo silinganishi tena chumba na chumba. Ninalinganisha jumla ya gharama kuanzia mlangoni kwangu hadi kitandani huko, na kurudi.

Mara ya pili tulikwenda nchi ile ile kwa njia nyingine. Zamani mgeni wa Maldivi alilala zaidi kwenye visiwa ambavyo kila kimoja ni hoteli moja nzima, lakini sheria ilipobadilishwa mwishoni mwa miaka ya 2000, wenyeji waliruhusiwa kufungua nyumba za wageni kwenye visiwa wanavyoishi. Tulichagua kisiwa cha Maafushi, kusini mwa mji mkuu, Malé, kwa sababu inafikika kwa feri ya umma na kwa boti za kasi. Anayekwenda huko ajue mapema kwamba pombe hairuhusiwi kwenye visiwa vya wenyeji na kwamba mavazi ya kuogelea huvaliwa kwenye ufukwe uliotengwa kwa wageni.

Hata huko, bei niliyoiona sipo nilipoishia kulipa. Chumba kilitangazwa kwa dola 60 kwa usiku. Juu yake iliwekwa ada ya huduma ya asilimia 10, ikawa 66. Kisha kodi ya watalii, ambayo tangu Julai 2025 ni asilimia 17, ikawa dola 77 na senti 22. Kisha tozo ya mazingira, ambayo kwa nyumba ndogo za wageni ni dola 6 kwa kila mtu kwa kila usiku, yaani dola 12 kwetu sote wawili. Chumba cha dola 60 kikawa cha dola 89 na senti 22, na kwa usiku saba tofauti ilizidi dola 200. Sisemi kwamba tulidhulumiwa, maana yote yalikuwa yameandikwa kwa herufi ndogo chini ya bei. Ila nilikuwa nimekikataa chumba kingine cha dola 80, ambacho bei yake ilikuwa imekwisha kujumlisha kila kitu.

Mchangiaji wa kwanza

Ahsante, kaka, kwa kuanza na hesabu. Mimi nitazungumzia majira, kwa sababu ndipo nilipookoa fedha nyingi kuliko mahali pengine popote, na ndipo pia nilipoumia.

Nilikwenda Bali na wanangu wawili mwezi wa Machi. Kule miezi ya Novemba hadi Machi ni ya mvua na Aprili hadi Oktoba ni ya ukavu, na chumba nilichokipata Machi kilikuwa karibu nusu ya bei yake ya Agosti. Mvua ilinyesha kweli, lakini mara nyingi ilikuja alasiri, kwa nguvu, kisha ikakatika, hivyo tulizoea kuamka mapema na kumaliza matembezi kabla ya saa saba mchana. Nilichokosea ni kutotazama kalenda ya wenyeji. Siku ya nne ilikuwa Nyepi, siku yao ya ukimya, ambayo uwanja wa ndege hufungwa kwa saa 24, fukwe hazifikiki na kila mtu, mgeni kwa mwenyeji, hubaki ndani. Nilikuwa nimekwisha kulipia safari ya boti siku hiyohiyo kwa masharti ya kutorudishiwa fedha, nami nilizipoteza zote. Sitaki kusema kwamba siku ile ilikuwa ya hasara tupu, maana usiku taa zilipozimwa kisiwa kizima, mwanangu mdogo alisimama uani akiwa ameinua kichwa, akaniuliza kama nyota hizo huwa zipo siku zote.

Ninawasihi wenzangu wasiseme tu kwamba msimu wa mvua ni nafuu, bila kuuliza mvua hiyo ni ya upande gani. Huko Tailandi, Phuket na visiwa vya upande wa magharibi hupata mvua zaidi kati ya Mei na Oktoba, ilhali Samui, iliyo upande wa ghuba, hupata mvua kubwa kati ya Oktoba na Desemba. Mtu anaweza kukimbia mvua kwa kubadili pwani bila kubadili nchi. Karibi ina msimu rasmi wa vimbunga kuanzia Juni 1 hadi Novemba 30, na kipindi kibaya zaidi ni Agosti hadi Oktoba, lakini Aruba, Bonaire na Curaçao ziko kusini kiasi kwamba vimbunga huzifikia kwa nadra. Morisi nayo huwa na hatari ya vimbunga kati ya Novemba na Aprili. Tena upo msimu wa bei ndogo wenye zawadi yake: kwenye ghuba ya Hanifaru, Maldivi, samaki taa wakubwa wa aina ya manta hukusanyika katika miezi ile ile ya pepo za kusini-magharibi ambayo wageni wengi huikwepa.

Mchangiaji wa pili

Langu ni fupi. Nilinunua tiketi mbili tofauti, moja ya shirika kubwa hadi mji wa kati na nyingine ya shirika la bei nafuu hadi kisiwani, kwa kuwa kwa pamoja zilikuwa na bei ndogo kuliko tiketi moja inayounganisha safari yote. Ndege ya kwanza ilichelewa saa tatu. Shirika la pili halikuwa na wajibu wowote kwangu, kwa kuwa kwa mujibu wa kumbukumbu zao mimi nilikuwa abiria ambaye hakufika, nami nikanunua tiketi mpya papo hapo kwa bei ya siku hiyo. Kilichoniuma zaidi ni kwamba bima yangu ya safari haikugusa kuchelewa kwa ndege, nami niliichagua kwa kuangalia bei yake tu.

Siku hizi, ikiwa nalazimika kutenganisha tiketi, nalala usiku mmoja katikati na naihesabu gharama ya usiku huo kama sehemu ya nauli. Mara nyingi tiketi iliyounganishwa huonekana nafuu baada ya hapo.

Mchangiaji wa tatu

Sisi tulikwenda watu wanne, marafiki wa siku nyingi, na tulichanga kwa miezi 14. Naomba nieleze tulivyogawa fedha, kwa sababu naamini ndicho kilichotuwezesha kurudi bila deni na bila kununiana.

Tulitenga mafungu matatu. La kwanza lilikuwa la mambo yanayolipwa kabla ya kuondoka, yaani tiketi, vyumba, viza, bima na usafiri wa majini kwenda na kurudi. Fungu hilo tulilimaliza kabla ya kugusa mengine, na hatukununua tiketi hadi tulipoandikiana kwa barua pepe na mwenye nyumba kuhusu saa za boti. La pili lilikuwa la kila siku. La tatu lilikuwa la dharura, nalo lilibaki kwenye akaunti ya mwenzetu mmoja ambaye tulimwamini kwamba hataling'ata hata tukimbembeleza.

Fungu la kila siku ndilo lenye mafunzo. Mwenzetu mwingine alibeba daftari dogo la karatasi, akaandika kila jioni tulichotumia, na karatasi zile hadi leo zina alama za maji ya chumvi pembeni. Siku ya kwanza tulitumia mara mbili ya kiwango chetu, na tulipolisoma daftari tuligundua kwamba hatukula vizuri wala hatukutembea mbali. Fedha zilikwenda kwenye maji ya chupa, kukodi taulo, kukodi miwani na mrija wa kuogelea, na vinywaji vya ufukweni. Kesho yake tulinunua maji ya chupa kubwa dukani, nyuma kabisa ya barabara ya ufukweni, na tangu siku ya tatu tulirudi ndani ya kiwango. Miwani na mrija mtu hununua mara moja tu kabla ya kuondoka, na ukiikodi siku nne utakuwa umekwisha kuilipia bila kuimiliki.

Jambo jingine ni kadi. Mashine ya kulipia ikikuuliza kama unataka kulipa kwa fedha ya kwenu au ya pale ulipo, chagua ya pale ulipo, kwa sababu ukichagua ya kwenu wenye mashine ndio wanaopanga kiwango cha kubadilishia, na mara nyingi hakikufai. Tulilijua hilo siku ya tano, baada ya kulipia chakula cha watu wanne mara kadhaa.

Mwanzisha mada

Ndugu mchangiaji wa tatu, hilo la mafungu nitaliiga. Naomba mwenye uzoefu wa nyaraka na wa michezo ya majini atusaidie, maana huko nako nasikia watu wamelia.

Mchangiaji wa nne

Nililia mimi. Nchi nyingi za visiwa hudai cheti cha chanjo ya homa ya manjano kwa abiria anayetoka au aliyepitia nchi yenye hatari ya ugonjwa huo. Nilichanjwa siku sita kabla ya kuondoka nikidhani nimewahi, kumbe cheti huanza kutambuliwa siku ya 10 baada ya chanjo. Nilizuiwa kwenye dirisha la kukagulia tiketi, nikalipa faini ya kubadili tarehe, na usiku mbili za chumba zikapotea. Chanjo yenyewe, kwa kanuni zinazotumika tangu 2016, hutambuliwa maisha yote, hivyo hakuna sababu ya kuisubirisha. Angalieni pia pasi ya kusafiria, kwa kuwa nchi nyingi hutaka iwe na angalau miezi sita kabla ya kuisha.

Mchangiaji wa tano

Kuhusu majini, mimi hupiga mbizi. Baada ya kupiga mbizi mara kadhaa kwa siku mfululizo, ushauri wa kitabibu ni kusubiri angalau saa 18 kabla ya kupanda ndege, kwa hiyo aliyebakiza mbizi zake hadi siku ya mwisho atachagua kati ya kupoteza fedha na kuhatarisha maisha. Zipangeni mwanzoni, mkiwa na nguvu na kabla ya fungu la kila siku kupungua.

Nchi kavu, jihadharini na skuta za kukodi. Rafiki yangu alianguka kwenye kona yenye mchanga, akavunjika mfupa wa bega, na kampuni ya bima ikakataa dai lake kwa sababu leseni yake ilikuwa ya gari na si ya pikipiki. Alikuwa na bima nzuri na aliilipia kikamilifu. Gharama ya hospitali ilizidi safari yetu sote.

Mchangiaji wa sita

Shikamooni wakubwa. Mimi nimekwenda mara moja tu, Shelisheli, mahali ambapo kila mtu aliniambia kwamba si pa watu wa kipato changu. Viza haitakiwi kwa raia wa nchi yoyote, ila ni lazima kuomba kibali cha kuingia mtandaoni na kukilipia, ukiwa na tiketi ya kurudi na uthibitisho wa mahali pa kulala. Nilikaa kwenye nyumba yenye jiko, nikapika mwenyewe mara nyingi, nikazunguka Mahé kwa basi la umma, na kule La Digue nikakodi baiskeli, kwa kuwa kisiwa ni kidogo na watu wengi husafiri kwa hiyo. Kilichonizidi bajeti ni feri kati ya visiwa: nililipia Mahé hadi Praslin, kisha La Digue, kisha kurudi kote. Ningechagua visiwa viwili tu, ningebaki na fedha ya siku mbili zaidi.

Sasa naomba kuuliza. Ninapanga kwenda Maldivi kwenye kisiwa cha wenyeji, na nimeona tiketi nafuu inayotua Ijumaa asubuhi. Ninakusudia kupanda feri ya umma. Je, mpango huu uko sawa?

Mwanzisha mada

Marahaba, mdogo wangu. Usilipe bado. Feri za umma kule kwa kawaida hazisafiri Ijumaa, nawe utalazimika kupanda boti ya kasi, ambayo bei yake ni mara nyingi zaidi ya ile ya feri. Tazama nauli ya Alhamisi au Jumamosi, kisha mwandikie mwenye nyumba akutumie ratiba ya feri ya siku hiyo kwa maandishi.

Mchangiaji wa sita

Nimerudi. Nauli ya Jumamosi imezidi kidogo, lakini kuzidi kwake hakufikii hata nusu ya nauli ya boti ya kasi. Mwenye nyumba amenijibu leo asubuhi na kunitumia ratiba, na ndege inatua zikiwa zimebaki saa mbili kabla ya feri kuondoka. Nimekwisha kulipa.