Naomba ushauri: friji ina waranti, duka linanizungusha

Wakuu, habari zenu. Mwezi wa tatu nilinunua friji Kariakoo kwa 980,000, waranti mwaka mmoja. Miezi minne tu ikaacha kugandisha: kompresa inaunguruma usiku kucha, ila maziwa yanachacha humo humo ndani. Mama mkwe anatunza insulini yake humo, ndiyo maana roho inaniuma.

Nikapiga dukani, wakaleta fundi. Akajaza gesi bila hata kutafuta panapovuja, akaondoka. Siku tisa, hali ileile. Gesi ya friji haiishi kama ya jikoni. Ikipungua, ujue kuna tundu. Tangu hapo ni njoo kesho, njoo keshokutwa. Jana kijana wa kaunta kaniambia nimeharibu waranti kwa kuita fundi wa nje. Fundi huyo wamemleta wao wenyewe!

Risiti ya EFD ninayo, kadi ya waranti imegongwa muhuri. Kuna aliyewahi kupeleka malalamiko Tume ya Ushindani, FCC? Ulianza na barua ya madai dukani, au ulienda moja kwa moja? Na nidai friji mpya, au hela yangu?