Naombeni ushauri: nitoke kwenye kundi la kina mama au nibaki?

Nuru_ya_Alfajiri (mleta uzi)
Habari zenu wana jukwaa. Naandika nimembeba mtoto mkono mmoja, mtanisamehe makosa ya uandishi.

Niko kwenye kundi la kina mama tuliojifungua miezi inayokaribiana. Niseme ukweli, wakati wa ujauzito lilinisaidia sana. Ukiuliza habari ya kiungulia saa tisa usiku unajibiwa. Mambo yamebadilika baada ya kujifungua. Juzi nilituma picha ya mwanangu, ndiyo kwanza ameanza kucheka kwa sauti. Nyuma yake mezani kulikuwa na kopo la maziwa, sikuliona. Hakuna aliyezungumzia kicheko. Wa kwanza aliuliza, "Hilo kopo la nani?" Wa pili akaweka kikatuni cha kulia. Halafu akaja yule anayejiona mama wa wote, akaandika: "Wengine huzaa, wengine hulea." Yakamiminika makofi.

Swali langu: nitoke kimya kimya, au niseme la moyoni kwanza ndipo nitoke? Sitaki ushauri kuhusu maziwa. Nauliza kuhusu kundi tu.

Kitasa
Toka. Kitufe kipo, hakihitaji kikao.

Mzee_Baraza
Na sisi kina baba tuna kundi letu la wazazi. Ujumbe wa mwisho uliuliza mechi inaanza saa ngapi, na aliyeuliza hakujibiwa. Karibuni huku, hakuna anayemhukumu mtu.

Mama_Pacha
Mdogo wangu, umenitonesha kidonda. Mimi nilijifungua kwa upasuaji, mapacha, mmoja alikuwa amekaa vibaya. Siku nilipotoka hospitali mama mmoja niliyemheshimu akaniuliza, "Ulisukuma?" Nikamwambia hapana. Akasema, "Kumbe hukuzaa, ulitolewa." Nilikuwa sijaweza hata kusimama wima, kidonda kinavuta. Watoto wangu sasa wanajua kusoma na kuandika, lakini nikiona jina la yule mama kwenye simu mwili unasisimka. Akija mgeni na kichanga siku hizi namuuliza jambo moja tu: umekula? Basi. Mengine atasema mwenyewe akitaka.

Nguzo_ya_Nyumba
Mtanichukia lakini lazima mmoja aseme. WHO, Shirika la Afya Duniani, wanasema mtoto anyonye maziwa ya mama pekee miezi 6 ya kwanza, halafu aendelee kunyonya pamoja na vyakula vingine hadi miaka 2 na zaidi. Si maneno yangu. Siku hizi kina mama wanaogopa matiti kulala, wakiambiwa ukweli wanakimbilia kusema wamehukumiwa. Hao wenzako pengine walikosea namna ya kusema, ila walichosema ni sahihi.

Nuru_ya_Alfajiri
Nilisema sitaki mjadala wa maziwa. Hunijui, hujui nilijifungua vipi, umeshajua ninaogopa matiti kulala.

Mwalimu_Mstaafu
Nawaomba mtulie kidogo niwape historia, maana jambo hili halikuanza na simu. Mwaka 1928 mwanasaikolojia wa Marekani, John Watson, aliwashauri wazazi wasiwakumbatie wala kuwabusu watoto, asubuhi wapeane nao mkono tu. Mama aliyembeba mwanawe akaonekana anamharibu. Miaka michache baadaye upepo ukageuka. Watoto wenye usonji (autism) walipoanza kuelezwa kitaalamu katika miaka ya 1940, lawama zikaenda kwa mama kwamba ni baridi, hampendi mtoto vya kutosha. Bruno Bettelheim, aliyeongoza shule ya watoto wenye matatizo huko Chicago, aliieneza hoja hiyo kwa nguvu. Ilibidi mwaka 1964 Bernard Rimland, mwanasaikolojia ambaye mwanawe mwenyewe alikuwa na usonji, aoneshe kwamba chanzo kimo katika maumbile ya mwili, si katika ubaridi wa mama. Fikirini mama aliyelea mtoto wa namna hiyo kabla ya 1964, ameamka naye usiku na mchana, halafu daktari anamwambia yeye ndiye ugonjwa.

Nimefundisha watoto maisha yangu yote ya kazi. Kikao cha wazazi kikianza, mama ndiye anayeulizwa. Baba akija hata kwa kuchelewa anapigiwa makofi kwa kuja. Hilo linaniudhi mpaka leo.

Hoja_kwa_Hoja
Mwalimu, asante, ila hujajibu swali. Mleta uzi na wewe kuna kitu hukisemi. Mtu aliyechoshwa na kundi hutoka, haji kuomba kura. Kinachokubakisha mle ndani ni nini?

Nuru_ya_Alfajiri
Hakuna kitu. Ni mazoea tu.

Hoja_kwa_Hoja
Umesema "niseme la moyoni kwanza". La moyoni ni lipi?

Nuru_ya_Alfajiri
Sawa. Yule aliyeandika "wengine huzaa, wengine hulea" ni wifi yangu, dada wa mume wangu. Alijifungua wiki chache kabla yangu. Usiku mmoja alinitumia sauti analia. Anasema maziwa yake yamegoma, anampa mtoto ya kopo, kopo analificha kabatini chini ya mashuka, na makopo matupu anaenda kuyatupa mbali ili mama yao asiyaone. Akaniomba nisimwambie mtu. Sikumwambia mtu, hata mume wangu.

Sauti ninayo. Nimeshaikata ikabaki sehemu inayohusu tu, na maneno ya kuisindikiza nimeyaandika. Bado kubonyeza.

Wala msiniambie ni kisasi. Mle ndani kuna wajawazito wanaomsikiliza kama mkunga. Wana haki ya kujua anayewahukumu ni nani.

Kitasa
Tuma. Leo leo.

Mama_Pacha
Usitume! Huyo ni shangazi wa mtoto wako, ndugu wa kuzikana. Kundi litasahau ndani ya wiki, wewe utakutana naye kila msiba na kila harusi mpaka mnazeeka.

Nguzo_ya_Nyumba
Kumbe hata wifi. Ndiyo ninayosema, kina mama wa siku hizi.

Hoja_kwa_Hoja
Mume anajua mpango huu?

Nuru_ya_Alfajiri
Hajui. Nikimwambia nitakuwa nimemweka kati ya mke na dada. Namkinga.

Hoja_kwa_Hoja
Unamkinga, au unaogopa atakukataza?

Jicho_Kavu
Samahanini, nyinyi mnatoa ushauri kwenye chai. Adui mkubwa ndiye mwenye siri ile ile? Na sauti ikahifadhiwa? Na kopo likaingia lenyewe kwenye picha? Hii imepangwa mno. Tangu juu huko hajataja jambo hata moja ambalo mtu asiye na mtoto angeshindwa kulibuni. Anakataa kuzungumzia maziwa kwa sababu hana la kusema.

Kitasa
Ee bwana, hata mimi nilianza kunusa.

Pima_Maji
Mimi nadhani ni wakala wa maziwa ya kopo. Anatuliza kwanza, kesho ataleta jina la bidhaa.

Mzee_Baraza
Na mimi nilishaanza kumwonea huruma wifi ambaye hayupo.

Nuru_ya_Alfajiri
Jicho Kavu, nitakujibu, halafu uniache.

Nilitoka damu nyingi baada ya kujifungua, nikaongezewa. Kila mtu aliniambia maziwa yatakuja, niendelee kumweka tu. Nilimweka. Alikuwa anavuta mara mbili tatu, analala na chuchu mdomoni, nami nafurahi kwamba nina mtoto mtulivu. Alizaliwa na kilo 3.1. Tuliporudi kumpima mizani ilisoma 2.7. Nesi aliipima tena, akadhani mizani imekosea. Kwenye nepi kulikuwa na doa la rangi ya tofali, mimi nilidhani ni damu. Wakaleta maziwa ya kopo kwenye kikombe kidogo kama kifuniko cha chupa ya dawa. Humwagii mtoto mdomoni. Unamkalisha karibu wima, unagusisha ukingo kwenye mdomo wa chini, unasubiri. Ulimi ukatoka wenyewe ukaanza kulamba. Alikuwa analamba huku amefumba macho, na mimi huku maziwa yakaanza kudondoka kwenye kanga, matone tu, kwa sababu mtoto wa kitanda cha jirani alikuwa analia.

Hilo ndilo kopo lililoonekana kwenye picha. Bado namnyonyesha, na kopo namwongezea.

Buni hiyo.

Mkunga_Zamu_ya_Usiku
Nimetoka kazini sasa hivi, nimesoma wote. Jicho Kavu, hiyo haikubuniwa. Lile doa la tofali ni chembechembe zinazotoka kwenye mkojo mzito. Siku moja mbili za mwanzo huenda likatokea kwa mtoto mwenye afya kabisa. Likiendelea baada ya hapo, mara nyingi ina maana hapati maziwa ya kutosha. Kutoka 3.1 hadi 2.7 ni karibu asilimia 13. Watoto wengi hupungua siku za kwanza, hadi kama asilimia 7, na wengi hurudia uzito wa kuzaliwa kufikia wiki mbili. Ikipita 10 hatukai tunatazama. Na damu nyingi wakati wa kujifungua ni moja ya mambo yanayochelewesha maziwa. Mtoto mtulivu kupita kiasi ananitisha kuliko anayelia.

Dada Nguzo, ulichonukuu ni sahihi na mimi hukifundisha kila siku. Lakini WHO hao hao wana orodha ya sababu za kitabibu za kumpa mtoto maziwa mbadala. Na Pima Maji, ile kanuni ya kimataifa ya 1981 kuhusu biashara ya maziwa hayo iliwalenga wanaoyauza na kuyatangaza. Haikuandikwa ili tumkague mama mezani kwake.

Sasa wewe, Nuru. Wale niliowasikia wodini wakisema maneno makali kuhusu kopo, zaidi ya mmoja nimelikuta ndani ya mkoba wake. Sisemi umwonee huruma wifi yako, amekuumiza. Nasema kitakachotokea ukibonyeza. Kila mama mle ndani mwenye shida ataelewa kwamba sauti aliyomtumia mwenzake usiku analia, siku moja itachezwa hadharani. Hatauliza tena. Huyo ndiye ninayempokea mimi saa nane usiku akiwa amechelewa.

Na nikuulize: mtoto akilala, na wewe unalala?

Nuru_ya_Alfajiri
Nalala kidogo. Nashtuka nakwenda kumpima kama anapumua. Halafu nasoma tena yale maneno yao.

Mkunga_Zamu_ya_Usiku
Tangu lini?

Nuru_ya_Alfajiri
Tangu kabla ya picha. Tangu ile mizani.

Mkunga_Zamu_ya_Usiku
Basi ukienda kliniki waambie hivyo hivyo ulivyoniandikia, usipunguze. Kuna maswali 10 tunayowauliza waliojifungua, yanatumika tangu 1987, ni dakika chache tu. WHO wanakadiria kwamba karibu asilimia 13 ya wanawake waliojifungua hupata tatizo la afya ya akili, sana sana sonona (huzuni nzito isiyoisha), na linatibika. Likikujia wazo la kujidhuru au kumdhuru mtoto, usingoje kliniki, nenda saa hiyo hiyo. Na mume wako umwambie leo kuhusu kulala. Habari ya wifi inaweza kusubiri, hii haisubiri.

Nguzo_ya_Nyumba
Sikujua habari ya damu. Ila asingeficha tangu mwanzo nisingesema vile.

Mama_Pacha
Nguzo, kwa nini aje na cheti cha hospitali ndipo umhurumie? Na asiyekuwa na cheti je?

Nguzo_ya_Nyumba
Basi tusishauriane kitu, kila mtu alee anavyotaka.

Mwalimu_Mstaafu
Kushauri ni kuzuri, mama. Mkunga ameshauri hapo juu na hakuna aliyelia.

Nuru_ya_Alfajiri
Mkunga, nimekusikia. Mume wangu nimemwamsha, tumezungumza habari ya kulala. Ya dada yake sijamwambia. Sauti sijaifuta, nisiwadanganye, na bado naona nina haki. Ila yale maneno ya kuisindikiza nimeyafuta. Pengine nitampigia wifi mwenyewe nimuulize mbele ya sikio lake, si mbele ya kundi.

Kitasa
Nilishachaji simu kusubiri. Haya, mpigie.

Jicho_Kavu
Ile ya kikombe nakubali. Ya wifi bado naitilia shaka.

Mgeni_Humu
Samahanini kuteka uzi, nimejiunga sasa hivi kwa ajili ya hili. Wangu ni wa siku tano. Analala sana, hata hasumbui, kila mtu ananisifia. Nepi ina hilo doa la tofali tangu jana na leo nimebadilisha nepi moja tu. Nilitaka kuuliza kwenye kundi letu nikaogopa wataniambia sijui kunyonyesha. Nisubiri asubuhi?

Mkunga_Zamu_ya_Usiku
Usisubiri. Mpeleke sasa hivi, na njiani endelea kumwamsha na kumweka titini. Nepi hiyo usiitupe, ifunge uende nayo waione. Beba na kadi yenye uzito wa kuzaliwa. Waambie mapokezi: siku tano, analala sana, mkojo mara moja kutwa nzima. Anza na hayo kabla ya salamu.

Nuru_ya_Alfajiri
Nenda dada. Niko macho, andika humu ukifika.

Mgeni_Humu
Navaa.