Parachichi changa ndani ya viroba: mnaua soko la Hass la nyanda za juu

Wakuu, nina hasira na sitaficha.

Kila msimu ni yale yale. Dalali anaingia Rungwe au Njombe na Fuso, analipia shamba zima kwa mkupuo, vijana wanapanda na fito, jioni mzigo uko kwenye viroba. Lililokomaa na changa, yote kilo. Kontena likikataliwa huko nje, lawama anabebeshwa mkulima!

Hass, aina ya parachichi tunayouza nje, ukomavu wake haupimwi kwa ukubwa. Rungwe mvua hazikatiki, mti unachanua zaidi ya mara moja, kwa hiyo tawi moja linabeba matunda ya umri tofauti. Ukivuna mti wote siku moja, umevuna changa. Pasua tunda uangalie kokwa: ganda lake likiwa jeupe na nene, bado, likiwa la kahawia, jembamba kama karatasi, limekaribia. Uhakika unaupata kwa kukausha. Kwaruza gramu 10 za nyama, tandaza kwenye sahani, tia kwenye maikrowevu kwa moto mdogo, toa upime, rudisha, mpaka uzito ugome kushuka. Zikibaki gramu 2.1, hiyo ni asilimia 21 ya uzito mkavu, kiwango cha chini kabisa cha Hass kwenye viwango vya UNECE (tume ya uchumi ya Umoja wa Mataifa kwa Ulaya), na wanunuzi wengi wanataka zaidi ya hapo. Zikibaki 1.8, tunda hilo litafika Ulaya likiwa kama mpira: linasinyaa, halilainiki, halina mafuta. Na msipime tunda moja mkaondoka. Chukueni kumi, miti tofauti.

Sasa uvunaji wenyewe. Tunda likinyofolewa, pale kikonyo kilipotoka panabaki jeraha, na fangasi wanaingilia hapo hapo. Mkasi upo, kata uache kikonyo kifupi. Msivune tunda likiwa limelowa. Na viroba, jamani, viroba! Tunda la chini linabeba uzito wa mengine yote kutoka shambani hadi lami. Tena mchubuko hauonekani siku hiyo wala kiwandani wakati wa kufungasha. Unajitokeza tunda likilainika, wiki kadhaa baadaye, mikononi mwa mteja aliyekwisha kulipa. Kreti za plastiki zinaoshwa na kutumika tena miaka. Anayesema ni ghali apige hesabu ya kontena moja la futi 40, zaidi ya tani 20, likimwagwa.

Linaloniuma zaidi ni ubaridi. Kuna wasafirishaji wanapakia tunda lenye joto la shambani moja kwa moja kwenye kontena, wanawasha mashine, wanaita hiyo huduma. Kontena la baridi limetengenezwa kutunza ubaridi, halina nguvu ya kupooza tani 20 za matunda ya moto. Tunda linapumua, linatoa joto lake lenyewe, katikati ya paleti ya maboksi panabaki pa moto na uivaji unaanza kabla ya mlima Kitonga, Iringa. Kutoka Mbeya hadi Dar ni zaidi ya kilomita 800, kisha meli wiki kadhaa. Inatakiwa chumba cha kupooza chenye feni zinazovuta hewa kupita ndani ya maboksi, nyama ya tunda ishuke hadi nyuzi 5 au 6 ndipo lipakiwe. Umeme ukikatika, jenereta iwake papo hapo. Kipimajoto kichomekwe ndani ya tunda. Kusoma namba iliyo mlangoni mwa kontena hakutoshi.

Mkataba wa kuingiza parachichi China ulisainiwa Novemba 2022. Soko linafunguliwa huku sisi tunalifunga kwa mikono yetu.

Viongozi wa AMCOS (vyama vya ushirika vya wakulima), mizani ya gramu na maikrowevu vinapatikana Mbeya mjini. Wekeni kila kituo cha kukusanyia, matokeo yaandikwe ubaoni mkulima ayaone, na bei ya kilo itajwe baada ya kipimo. Halmashauri mnaochukua ushuru wa mazao, kwenye vituo hivyo kivuli tu hakuna, kreti zinapangwa juani saa sita mchana. Ushuru huo unafanya kazi gani?