Niuze kibanda Kongowea ninunue tuktuk? Naomba ushauri

MamaWawili: Wapendwa, usingizi umenikimbia. Nina kibanda cha mitumba Kongowea, mwaka wa 6 huu. Nataka kukiuza ninunue tuktuk, nimpe dereva. Mshauri wangu kanipigia hesabu, asema mwaka hauishi pesa zote zisharudi. Baba watoto yuko melini, hajui. Mwanipa rai gani?

FundiTudor: Dada, angalia injini kabla ya rangi. Mimi niliuziwa moja ikitoa moshi kama jiko la makaa, kila wiki niko chini yake na spana.

BiMwanaidi: Mwanangu, mume yuko baharini nawe wauza kibanda? Mpigie kwanza.

KaribuNaFeri: Huyo mshauri ni nani? Ana tuktuk yeye?

MamaWawili: Ni ile programu ya simu ya kuuliza maswali. Msinicheke. Saa nane za usiku niko macho, yanijibu wala hainikemei. Ndugu zangu nikiwauliza, waguna tu. Na arubuni nishatoa, 40,000.

KaribuNaFeri: Sikucheki. Mwaka 1966 Joseph Weizenbaum wa chuo cha MIT, Marekani, alitangaza programu yake ELIZA, iliyomrudishia mtu maneno yake kama swali. Katibu wake mwenyewe, aliyemwona akiitengeneza, alimwomba atoke chumbani aongee nayo faragha. Na 2016 watafiti wa chuo cha Georgia Tech, Marekani, walijaza ushoroba moshi wa bandia kama kwamba kuna moto, roboti ikiwa ndiyo kiongozi wa njia: hata watu ambao roboti ilikuwa imewapoteza njia muda mfupi kabla, waliifuata, wakauacha mlango walioingilia. Hizi za leo zimefunzwa kwa majibu ambayo watu waliyapenda, basi hukuitikia upesi. Uliiulizaje?

MamaWawili: "Nimechoka na kibanda, tuktuk si italipa zaidi?"

KijanaBombolulu: Uzi wa kutunga huu. Labda programu yenyewe ndiyo iliyouandika. Muuza mitumba wa kweli atuambie kamera ni nini.

MamaWawili: Kamera ni zile nguo safi zinazochaguliwa mwanzo, beli ikifunguliwa alfajiri. Ukichelewa wabaki na fagia. Kaka, haya ni maisha yangu.

KijanaBombolulu: Niwie radhi, dada.

FundiTudor: Tuktuk yenyewe ya mwaka gani?

MamaWawili: Nimeigeuzia swali sasa hivi: "Nimechoka na wazo la tuktuk, kibanda si bora?" Imekubali papo hapo, na hesabu zimenyooka vile vile. Mwenye tuktuk asema nikighairi arubuni siioni. Nampigia baba watoto.