Muhuri wa mawimbi kwenye barua za matangazo: naomba ushauri

Bahasha_Nzima:
Wakuu, salaam. Naomba msaada, hasa kwa nyie mnaokusanya stempu za Marekani zikiwa bado kwenye bahasha zake.

Nimepata boksi la bahasha zilizotumika, na nyingi ni barua taka: mikopo, bima, maombi ya michango. Stempu zake ni zile zisizo na thamani iliyochapwa, zimeandikwa tu "Presorted Std" (daraja la Standard, barua zilizopangwa tayari) au "Nonprofit Org." (shirika lisilo la faida). Hapo sina tatizo. Tatizo ni kwamba juu ya stempu kuna mistari myeusi ya mawimbi, na kushoto kwake duara, sawa kabisa na muhuri wa mashine ya posta ukiutazama kwa mbali. Ukisogeza macho, ndani ya duara hakuna mji wala tarehe. Nimezipanga mezani bahasha kadhaa za mtumaji mmoja, na kwenye zote wimbi la tatu kutoka juu limekatika mahali pale pale, ukingoni mwa stempu.

Sasa huu ni muhuri au ni mchoro? Na kwenye albamu niziandikeje, zimetumika au hazijatumika? Mwenzangu ninayebadilishana naye anasema niziloweke, nichukue stempu, bahasha nitupe. Roho yangu inagoma, maana mimi napenda muhuri kuliko hata stempu yenyewe.

Duara_na_Tarehe:
Mkuu, usiloweke kitu kwanza. Huo ni mchoro. Ameuchapa mtumaji mwenyewe au kampuni iliyomtengenezea barua, na posta haijaugusa.

Stempu hizo zinahesabiwa kuwa zimeshafutwa kabla ya kubandikwa, yaani hazihitaji tena kugongwa muhuri wa kuzibatilisha. Hazitumiki kwa barua moja moja. Nchini Marekani, barua za matangazo za bei nafuu zinapokelewa kwa mafungu, kuanzia barua 200 au ratili 50, zikiwa zimeshapangwa na mtumaji. Stempu inalipia sehemu tu ya nauli, kwa mfano senti 10 au senti 5, na salio linalipwa siku ya kukabidhi mzigo. Kwa hiyo hakuna sababu ya kuzigonga muhuri. Mtangazaji anaweka mawimbi ili mpokeaji adhani ameandikiwa barua na mtu anayemfahamu, aifungue badala ya kuitupa.

Mimi jambo hili linaniuma. Muhuri wa posta ni ushahidi. Henry Bishop alipoanzisha muhuri wa tarehe kule London mwaka 1661, lengo lilikuwa kumbana anayechelewesha barua: siku ya kupokelewa ilionekana wazi, hakuna wa kubisha. Duara lisilo na siku wala mji limevaa sare ya kazi ambayo halijaifanya.

Loweka_Kausha:
Mnazipa uzito usio wake. Hizo ni stempu za kawaida mno, zimechapwa kwa wingi mkubwa. Toa stempu iliyo safi, weka moja kwa kila toleo, songa mbele. Yenye mawimbi meusi ya kuchapwa mimi naihesabu imechafuka tu. Sioni kwa nini mtu ajaze kabati kwa matangazo ya bima.

Duara_na_Tarehe:
Ndugu Loweka, kwa anayekusanya stempu peke yake sikupingi. Lakini mwenye uzi anakusanya historia ya posta, na ukiloweka unapoteza kila kitu kinachoeleza barua ilisafirije: anwani, daraja, barkodi, hata ujanja wenyewe. Baadaye stempu hiyo ikizunguka bila bahasha, mtu ataiona na mawimbi yake na kuamini imepita kwenye mashine. Bahasha ndiyo inayoufichua uongo.

Lenzi_Kumi:
Naongezea upande wa vipimo, maana kuamua kwa macho tu kuna hatari.

Chukua lenzi, linganisha wino wa mawimbi na wino wa anwani ya mtumaji. Ukikuta vitone vya aina moja, au mng'ao uleule wa unga wa printa ya leza, vimetoka mtambo mmoja. Kisha fuata mstari mmoja hadi kwenye ukingo wa stempu. Muhuri halisi hupanda juu ya stempu na kushuka kwenye karatasi, na kwenye vijino vya ukingo wa stempu wino huruka kidogo au hujikusanya. Mchoro uliochapwa kabla ya stempu kubandikwa huzama chini yake. Na hilo la wimbi kukatika mahali pamoja ni dalili nzito, maana mashine hazigongi bahasha zote sehemu ileile. Moja hupanda, nyingine hushuka, nyingine inapinda.

Kama una taa ya urujuanimno (UV) ya mawimbi mafupi, zima taa ya chumba uzimulike. Stempu za kawaida za Marekani zina dawa inayong'aa, na mwanga huo ndio mashine inautafuta ili igeuze barua na kuigonga. Hizi za mafungu kwa kawaida hazina dawa hiyo, zinabaki giza. Geuza na nyuma ya bahasha: barua iliyopita kwenye mashine za kugonga mihuri mara nyingi ina vipau hafifu vya rangi ya chungwa.

Ila usikimbilie kusema kila muhuri usio na mji ni bandia. Wakati wa Vita Kuu ya Pili, mihuri ya meli za jeshi la majini la Marekani ilinyimwa majina makusudi kwa ajili ya usiri. Pia wapo watumaji waliopewa kibali na posta kugonga muhuri wao wenyewe; huo ni halali, na unataja mji, jimbo na namba ya kibali. Ukiupata, utenge na huu mchoro kabisa.

Bahasha_Nzima:
Asanteni sana. Nimezimulika: stempu ziko giza zote, na nyuma hakuna kipau. Isipokuwa moja. Hiyo ina mawimbi ya kuchapwa, halafu juu yake kuna muhuri wa pili wa vitone, umeenda mshazari, una mji na tarehe. Mbele kuna kibandiko cha njano cha kurudishwa kwa mtumaji. Hii niiweke wapi?

Lenzi_Kumi:
Hiyo ndiyo bora ya boksi zima, mkuu! Barua ilirudishwa, ikaangukia kwenye njia ya barua za kawaida, mashine ikaigonga kweli. Uongo na ukweli viko kwenye bahasha moja, kimoja juu ya kingine. Ipe ukurasa wake, kibandiko usikiguse.

Duara_na_Tarehe:
Naunga mkono. Hizo nyingine chagua moja kwa kila mchoro, na chini yake andika kwa penseli: "Stempu ya mafungu, imetumika. Mawimbi yamechapwa na mtumaji, si muhuri wa posta." Ila za yule mtumaji mmoja, zenye wimbi lililokatika mahali pamoja, bakiza mbili uziweke ubavu kwa ubavu, mtu aone mwenyewe. Na kama kuna tarehe kwenye barua iliyokuwa ndani, inakili, kwa sababu duara halitakusaidia.

Loweka_Kausha:
Hiyo ya kibandiko cha njano hata mimi nisingeiloweka. Weka picha tuione.