Tupeane uzoefu: Kutembea Derbyshire bila gari, wapi panafaa na wapi ni kumwaga pauni

Wakuu, salaam. Naishi Leicester, gari sina, na mwezi ujao mdogo wangu anakuja kutoka Morogoro na wanawe wawili. London hawaitaki, wanataka milima na mashamba ya Waingereza. Nimeshauriwa Derbyshire, kule Peak District, hifadhi ya kwanza ya taifa ya Uingereza (1951). Mliokwisha kufika, mwageni uzoefu: usafiri, chakula, gharama. Mambo ya kwenye vipeperushi nimeshayasoma.

Mtoto wa Lushoto
Mkuu, anza na mlima Mam Tor. Panda treni Sheffield, ile ya kwenda Manchester inayosimama vituo vidogo, ushuke Edale. Hapo unapanda hadi Hollins Cross, unafuata mgongo wa mlima mpaka kileleni, unateremkia kijiji cha Castleton, kisha unakata mguu hadi stesheni ya Hope. Siku nzima, na kiingilio hujalipa popote. Kilele ni mita 517. Kwetu Usambara hicho ni kichuguu, lakini usikidharau, upepo wa kule juu unamyumbisha mtu mzima na mimi nilivaa glavu mwezi wa sita! Ukishuka upande wa Castleton utakuta barabara ya lami iliyopasuka na kukunjamana. Mlima wenyewe unaporomoka polepole. Waliikarabati weee, mwaka 1979 wakanyoosha mikono wakaifunga kwa magari. Watoto wataipenda kuliko kilele.

Bi Rukia wa Manchester
Hapo Castleton kuna mapango, yote ya kulipia. Sisi tuliingia Speedwell: ngazi 105 za kushuka, halafu boti kwenye handaki la maji lililochimbwa na watafuta risasi karne ya 18. (Risasi madini, si za bunduki.) Mwenye magoti mabovu abaki juu. Bei kwa familia inauma, chagueni pango moja tu. Na chakula jamani, kwa sisi wa halali vijijini ni shida. Hata chipsi uliza kwanza zimekaangwa kwa mafuta gani, maana huku kaskazini wengi hutumia mafuta ya ng'ombe. Mimi hubeba chapati na chupa ya chai, natandika mkeka wangu.

Mwana wa Butembo
Ndugu zangu, musipite bila kufika Eyam. Mwaka 1665 robota la kitambaa lilitoka London mpaka kwa mshona nguo wa kijiji, tauni ikaingia nalo. Padri William Mompesson na mwenzake Thomas Stanley wakawashawishi watu wajifungie wenyewe, ugonjwa usifike vijiji vya jirani. Chakula kililetwa mpakani, na pesa waliziacha ndani ya matundu ya jiwe yaliyojazwa siki. Jiwe lipo mpaka leo, unaweka kidole kwenye tundu. Kwa hesabu inayosimuliwa walikufa watu wapatao 260. Mama mmoja, Elizabeth Hancock, alizika mume na watoto sita kwa siku nane, yeye mwenyewe akichimba. Mimi nilikuwa kwetu wakati wa Ebola, 2018 mpaka 2020. Najua vile watu wanakasirika ukiwaambia wasiguse maiti ya mzazi wao. Kwa hiyo pale makaburini sikupiga picha. Kutembea kijijini ni bure, vibao viko mbele ya nyumba.

Mleta uzi
Asanteni sana. Vipi kuhusu Chatsworth? Kila mtu ananitajia hilo jumba.

Kapteni Mstaafu
Jumba na bustani ni kulipa, tena vizuri. Lakini uwanja wake, wenye mto, kondoo na kulungu, unatembea bure, na jumba lote unaliona kwa nje. Basi kutoka Sheffield linafika. Mimi nyumba za matajiri hazinisisimui, nenda ukaone vyumba kama una hamu.

Bi Rukia wa Manchester
Kapteni, usimkatishe tamaa mwenzio! Ile chemchemi ya 1844 inarusha maji juu bila pampu, ni msukumo wa maji ya ziwa lililoko mlimani. Watoto wangu hawakutaka kuondoka.

Mtoto wa Lushoto
Jambo lingine: mtapita katikati ya mashamba ya watu. Ukiona kibao cha njia ya miguu ya umma, hiyo ni haki yako, mwenye shamba hana la kukuuliza. Funga geti tu, kondoo wasitoke. Haki ya kuzurura kwenye nyika, nje ya njia, ilidaiwa kwa miguu. Tarehe 24 Aprili 1932 vijana wa viwandani walivamia mlima Kinder Scout, hapohapo juu ya Edale, na watano wakafungwa jela. Sheria ya kuruhusu ilikuja mwaka 2000.

Mleta uzi
Nimeelewa. Mtoto mdogo ana miaka miwili, yuko kwenye kigari. Mam Tor si itanishinda?

Kapteni Mstaafu
Itakushinda, zile ngazi za mawe hazitaki magurudumu. Mpeleke Monsal Trail, reli ya zamani iliyofungwa 1968. Ni kama kilomita 14 za njia tambarare, ina mahandaki yenye taa mchana, na kwenye stesheni ya zamani ya Hassop wanakodisha baiskeli. Anzia mji wa Bakewell, geuza mtoto akichoka. Jaketi ya mvua kila mtu na yake.