Injini gani kwa kinga (baiskeli) ya kupanda milima ya Bukavu?

Mtoto wa Kadutu (Bukavu)

Jambo wakubwa. Nataka kufunga injini kwenye kinga, ya kutoka Panzi hadi Nyawera kila asubuhi na mzigo wa kilo 20. Mimi mwenyewe nina kilo 70. Kinga niliyo nayo ni ile nyeusi ndefu ya tairi 28, breki za fimbo, fremu ya chuma isiyo na ufa. Injini ninazoweza kupata ni tatu: ya jenereta ndogo ya wati 650 (mipigo miwili, cc 63), seti ya Kichina iliyoandikwa 80cc, ina tanki, kabureta, mnyororo na pinyo (gurudumu la meno la mnyororo) ya meno 44, na 142F ya mipigo minne, cc 49, inayouzwa peke yake bila kisanduku cha kupunguza mwendo. Nichukue ipi? Na kuna nini kingine cha kununua kabla pesa haijaishia kwenye injini?

Fundi wa Ndosho (Goma)

Ndugu, ya jenereta iache kwenye jenereta. Shafti yake imechongwa kama koni ili ishike rota, haina mahali pa kukaza pinyo. Ambreyaji (klachi) haina. Tena gavana yake (kidhibiti cha mwendo) inaishikilia kwenye mizunguko 3,000 kwa dakika. Kuchongesha shafti, kutafuta ambreyaji na kutengeneza kipunguza mwendo ni kazi kubwa kuliko kinga yenyewe.

142F ni injini nzuri. Mafuta yake yanakaa chini ndani ya injini, huchanganyi chochote na esansi (petroli), na haina kelele nyingi. Lakini bila kisanduku chake na ambreyaji inayojishika yenyewe haikusogezi hata mita moja. Halafu ni pana, pedali za kawaida zinaigonga mpaka uweke ekseli ndefu. Ukipata kisanduku, ifikirie. Usipokipata, chukua seti.

Hiyo "80cc" usiiamini. Fungua kichwa upime: silinda ina kipenyo cha mm 47 na pistoni inasafiri mm 38, yaani cc 66. Inatosha, ila usipige hesabu ya nguvu kwa namba ya kwenye boksi. Na Bukavu iko karibu mita 1,500 juu ya bahari, hewa ni nyepesi, kwa hiyo injini inapoteza kama asilimia 15 ya nguvu ambayo ingekuwa nayo pwani.

Kinachopandisha mlima ni meno ya pinyo. Wewe, mzigo, kinga na injini ni kilo 120 hivi. Kwenye mlima unaopanda mita 10 kwa kila mita 100, ukienda km 20 kwa saa, tairi linataka wati 740. Ndani ya injini ya seti mwendo unapunguzwa mara 4.1, na pinyo ya mbele ina meno 10. Ukiacha meno 44 nyuma na tairi 28, kwa mwendo huo injini inazunguka 2,700 tu. Hapo haivuti, inakohoa na kuchemka. Weka meno 56 na tairi 26, itazunguka 3,700, na hapo inaamka. Kwenye tambarare, injini ikizunguka 5,000, utakwenda km 27 kwa saa. Kwa barabara zenu zinatosha kabisa.

Mwana Katuba (Lubumbashi)

Hesabu ya meno ni sahihi. Huku kwetu ni tambarare na 44 inatosha, kwa hiyo usichukue ushauri wa pinyo kwa mtu wa Lubumbashi. Ila kabla hujanunua chochote, hesabu rayo (spoki) za gurudumu lako la nyuma. Kinga hizo ndefu za mtindo wa Kiingereza mara nyingi zina rayo 32 mbele na 40 nyuma. Pinyo ya seti ina mashimo 9 na imepangwa kwa rayo 36, kila bolti ipite kwenye nafasi yake kati ya makundi ya rayo nne. Kwenye rayo 40 mashimo hayalingani: bolti zinaegemea rayo na kuzikata moja baada ya nyingine.

Angalia pia nafasi. Pinyo ya 44 ina kipenyo cha mm 178, ya 56 inafika mm 226. Maana yake mnyororo unasogea mm 24 nje, kila upande. Weka kipande cha katoni chenye ukubwa huo kwenye gurudumu uone kama kinagusa bomba la fremu.

Mnyororo: ule wa seti ni 415. Wa moto (pikipiki) ni 428. Pini zina umbali uleule wa mm 12.7, ndiyo maana watu wanadanganyika, lakini wa moto ni mpana, unacheza pembeni na kuruka pinyo. Na wa kinga ya kawaida ni mwembamba mno, hauingii.

Mtoto wa Kadutu

Aksanti sana wakubwa. Nimehesabu sasa hivi: 40 kamili. Kuna VTT (baiskeli ya milimani) inauzwa hapa, tairi 26, rayo 36, breki za kubana rimu. Nihamishie magurudumu yake kwenye kinga yangu, au injini niifunge kwenye VTT yenyewe?

Mama Fundi (Bukavu)

Mwanangu, usihamishe magurudumu. Breki za VTT zinafungwa kwenye vishikizo vilivyochomelewa kwenye fremu na foku (uma wa mbele) yake, na kinga yako haina vishikizo hivyo. Chukua VTT yote, lakini nenda na sumaku. Ikinata kwenye fremu, ni chuma, nunua. Isiponata ni aluminiamu, na mtikisiko wa injini hizi unaitia ufa kwenye maungio bila kukuonya.

Wote wamekueleza kupanda, sasa sikiliza kushuka. Injini ya mipigo miwili inapata mafuta yake kupitia esansi tu. Ukifunga gesi (mkono wa kuongeza mwendo) na kuacha ambreyaji imeshika kwenye mteremko mrefu, tairi linaizungusha injini kwa kasi huku mafuta yanayoingia ni kidogo mno. Pistoni inakauka na kukwama, gurudumu la nyuma linafunga. Kwa hiyo kwenye kushuka unavuta ambreyaji, injini inabaki inapumua polepole, na kilo 120 zote zinashikwa na breki. Breki za fimbo kwenye rimu ya chuma iliyolowa hazishiki. Na ukishuka kwa km 30 badala ya 15, nguvu ya mwendo ambayo breki zinapaswa kuizima ili usimame ni mara nne.

Basi pesa ya kwanza: rimu za aluminiamu, raba mpya za breki mbele na nyuma, kebo mpya. Mkono wa kushoto utashika ambreyaji, kwa hiyo tafuta mkono mmoja wa breki unaovuta kebo mbili, ukae kulia. Gurudumu la nyuma lisukwe upya kwa rayo nene: za mm 2.6 zikipatikana, au 2.3. Za kawaida za mm 2 hazidumu na pinyo.

Kufunga pinyo: raba moja ndani ya rayo, nyingine nje, vile vipande vya chuma vitatu upande wa ndani. Kaza bolti kwa kuruka, moja hapa nyingine ng'ambo, kidogokidogo. Halafu funga msumari kwenye bomba la fremu, ncha ikaribie meno, zungusha gurudumu. Uwazi kati ya ncha na meno usibadilike zaidi ya milimita moja, si pembeni wala juu na chini. Ukibadilika, legeza uanze tena. Pinyo iliyopinda ndiyo inayotupa mnyororo.

Fundi wa Ndosho (Goma)

Mama amesema kweli kabisa kuhusu kushuka. Naongeza mambo ya injini.

Usitoboe bomba la fremu ili kupitisha bolti ya injini, fremu itakatika palepale. Bomba likiwa nene kuliko mdomo wa kishikio, tumia bamba la chuma na bolti za U. Usiweke raba kati ya injini na fremu: watu wanadhani inapunguza mtikisiko, kumbe injini inapata nafasi ya kuchezacheza na inakata bolti. Bolti za seti ni laini, badilisha zote kwa zenye alama 8.8 na nati zenye nailoni ndani.

Mafuta: ya mipigo miwili tu. Yale ya gari yanaacha majivu, na ringi za pistoni zinaganda. Pima kwa chupa ya maji ya lita 1.5 na sindano ya hospitali ya ml 20. Lita tano za kwanza ni 20 kwa 1, yaani ml 75 kwa chupa: sindano tatu na robo tatu. Baadaye 25 kwa 1, ml 60, sindano tatu kamili. Mafuta yatangulie, esansi ifuate, tikisa. Esansi ya kandokando ya barabara ichuje kwa kitambaa laini na uweke chujio kwenye mpira wa tanki. Punje moja ya mchanga inaziba jeti (tundu dogo la kabureta).

Kabureta hutoka ikiwa imepangwa kwa mahali pa chini, huku kwetu juu inatoa esansi nyingi. Sindano yake ina mikato minne: hamisha kile kibanio mkato mmoja juu, sindano inashuka, esansi inapungua. Weka buji (plagi) NGK B6HS, uwazi wa mm 0.6 hadi 0.7. Baada ya kupanda mlima mmoja mrefu, zima, toa buji, itazame. Rangi ya kahawia ni sawa. Nyeusi na mbichi, esansi bado ni nyingi. Nyeupe, rudisha mkato mara moja, injini iko karibu kukwama.

Injini ikizunguka kwa kasi bila kupewa gesi, hewa inaingia kwenye kiungo cha kabureta na silinda. Usiendelee kuiendesha hivyo. Badilisha gasketi, kaza nati mbili sawasawa.

Mwana Katuba (Lubumbashi)

Limebaki lile gurudumu dogo la kukaza mnyororo. Likilegea linazunguka na kuingia kwenye rayo, unaruka juu ya usukani. Kata mnyororo uwe mfupi kiasi kwamba kigurudumu kinaugusa tu, ucheze mm 12 hivi juu na chini. Kipange kiwe mstari mmoja na pinyo, sio kimelala. Kaza nati zote upya baada ya km 5 za kwanza, tena baada ya 20, injini ikiwa imepoa.

Mtoto wa Kadutu

Sumaku imenata. Ninaichukua VTT, na pinyo ya 56 nimeiagiza.